Umekuja kwa Nani Huku Kilungu?

Wakenya wengi tunaoishi Maryland tumewahi kupeleka wageni Harpers Ferry, mji mdogo wa West Virginia ulio pale mito ya Potomac na Shenandoah inapokutana, chini ya milima ya Blue Ridge. Safari yake haina jasho. Unalipa dola 20 kwa gari, unaegesha kilimani, basi la hifadhi linakushusha mjini. Karibu kila nyumba ina ubao wa maelezo. Hapa John Brown alivamia ghala la silaha Oktoba 1859 ili awakomboe watumwa. Pale juu palikuwa na Chuo cha Storer, kilichoanza 1867 kuwasomesha watu weusi waliotoka utumwani. Kufikia saa kumi umemaliza kila kitu, umekula aiskrimu, na hakuna aliyekuuliza hata jina.

Kinachonivutia zaidi ni banda la mitambo ya kuzimia moto, ambamo Brown na wenzake walijifungia hadi wakakamatwa. Banda hilo limesafiri kuliko baadhi yetu. Lilibomolewa 1891, likapelekwa Chicago kwa maonyesho ya 1893, likarudishwa 1895 na kusimamishwa shambani kwa mtu. Huko ndiko mwanazuoni mweusi W. E. B. Du Bois na wenzake walikoliendea kwa heshima mwaka 1906, wakitembea miguu mitupu. Mwaka 1909 likahamia Storer, na 1968 likaletwa karibu na lilipojengwa, ingawa si mahali penyewe. Mji una wakazi wasiofika 300. Umetunzwa vizuri mno, hata najiuliza kama kuna mtu anayenunua sukuma wiki pale.

Mwaka huohuo wa 1895 banda liliporudishwa, Peter Cameron Scott, Mskoti aliyekulia Philadelphia, alifika Nzaui, katika Makueni ya leo, na kuanzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Mwaka uliofuata misheni hiyo ikafungua kingine Kilungu, na kabla haujaisha Scott akafa kwa homa. Basi nilipokwenda nyumbani likizo, nikasema nitalala Nairobi na nitaiona Kilungu kwa siku moja, kama tufanyavyo Harpers Ferry.

Unaiacha barabara ya Mombasa pale Salama, unabanana na wenzako kwenye Probox, mnapanda. Joto la chini linaisha, na vilima vyote vimekatwa mitaro ya fanya juu, mahindi na miparachichi ikishikilia miteremko. Nunguni, mji wa Kilungu, kuna baridi ya sweta. Niliingia hotelini nikaagiza chai na muthokoi. Mama mwenye hoteli akaniuliza, “Mwanangu, umekuja kwa nani?”

“Sina mtu hapa, mama. Mimi ni wa Kitui, Mulango. Nimekuja kutembea tu.”

“Kutembea tu?” Akanitazama kama anayetafuta ugonjwa. Mulango, nikamwongezea, ndiko alikozaliwa Profesa John Mbiti, mwanazuoni wa dini za Kiafrika. Hilo halikumsaidia. Akamwita mzee aliyekuwa nje akiota jua.

Mzee alianza na ukoo wangu, akauliza mama yangu ametoka kwa akina nani, akampata mtu tunayemjua sote. Hapo tu ndipo historia ilipofunguka. Nzaui, akasema, ndiko Mulungu alikowaweka mume na mke wa kwanza, na nyayo zao zimo mwambani. Nikamuuliza habari za Scott. “Huyo alikuja juzi,” akajibu.

Simulizi hiyo ya mwamba, Mswidi Gerhard Lindblom aliiandika katika kitabu chake kuhusu Wakamba, kilichotoka 1920, na Mbiti naye akaigusia. Nilikuwa nimeisoma Marekani, kwenye maktaba. Kule Nunguni sikuona ubao wowote, na sijui ukiwekwa uanze na 1895 au na mwamba. Vijana waliokuwa meza ya pili waliacha simu zao wakamsikiliza mzee kama vile nao ni wageni, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko kukosekana kwa ubao.

Nzaui yenyewe sikufika. Mazungumzo yalikula mchana, na Probox ya mwisho ya kushuka Salama haingojei ukoo wa mtu. Mwakani nitaleta wageni wa Maryland, nitapiga simu mapema, na tutalala.