Tazama Kwanza, Ndipo Ufyeke

Ndugu msomaji, wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo hunijia kila nitazamapo nyasi zilizokauka mbele ya nyumba yetu hapa Madison, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Haya ni majira ya kupukutika majani, yaanzayo Septemba, wakati ninyi huko nyumbani mnangojea mvua za vuli.

Bustani yetu ni ya mimea ya asili ya mbuga. Zamani mbuga za nyasi ndefu kupita kimo cha mtu zilienea sehemu kubwa ya nchi hii ya kati. Mwaka 1837 mhunzi John Deere, wa jimbo jirani la Illinois, aliunda plau ya chuma cha pua iliyoweza kuukata udongo wake wenye kunata. Mashamba yakaenea, mbuga ikatoweka. Huko Illinois haikusalia hata sehemu moja katika elfu. Mwaka 1935 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilianza kuirudisha mbuga katika shamba lililochakaa mjini hapa, na waliopanda kwa mikono yao ni vijana waliokosa kazi wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Mbuga hiyo ingalipo.

Oktoba iliyopita, jirani yetu, mzee mwema, alinijia akasema, "Bwana, magugu haya yamekwisha kufa. Jumamosi nitaleta mashine yangu tuyafyeke." Nilijua anatutakia mema, na ujirani ni kitu cha thamani kwa mgeni. Hata hivyo, nikamwomba tusimame pamoja robo saa tu kabla ya kuiwasha mashine.

Tukasimama. Chiriku wa manjano iliyofifia walikuwa wakining'inia kwenye vichwa vikavu vya maua ya jamii ya alizeti, wakidokoa mbegu. Juu ya maua ya mwisho ya zambarau alitua malkia wa nyuki-bambi. Nikamweleza kwamba wenzake wote hufa kwa baridi, naye peke yake hujifukia ardhini hadi joto lirudi. Nikamwonyesha pia mabua yenye uwazi, ambamo wana wa nyuki wapweke hulala kipindi chote cha theluji. Mwisho nikamshikisha ganda lililopasuka la mmea wenye utomvu kama maziwa. Kiwavi wa kipepeo aitwaye monaki hali majani mengine ila ya jamii hiyo. Vipepeo wanaozaliwa hapa mwisho wa kiangazi huruka zaidi ya kilometa 2,500 hadi milima ya Mexico, mahali ambapo hawajapata kufika.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi tukate ukingo wa njia tu, watoto wapite vizuri waendapo shule." Tukaukata pamoja, na mabua mengine yakabaki hadi majira ya kuchipua.

Ndugu msomaji, huenda nawe una kipande cha uwanja nyuma ya nyumba, na panga li tayari. Palipo na hatari ya nyoka au mbu, fyeka. Lakini kwanza waite watoto, mketi robo saa kimya, mhesabu wageni wanaokula na kulala hapo. Baada ya hesabu hiyo, amueni pamoja ni kona ipi ibaki.