Barakoa ya Mzee, kadi ya kumbukumbu na fundi wa cherehani

Leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala lugha mpya ya programu. Nitaandika kuhusu kipande cha silikoni kinachovaliwa puani, mikanda miwili ya kitambaa, na jinsi tulivyovirekebisha nyumbani mpaka baba yangu akapata usingizi. Usikimbie lakini. Humu ndani kuna mafaili, kuna grafu, na kuna programu huria ambayo naipenda sana.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kuna watu ambao wakilala, misuli ya koo hulegea mpaka njia ya hewa inaziba. Pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo unashtuka, mtu anakoroma kwa kishindo, anavuta hewa, kisha mchezo unaanza upya. Asubuhi hakumbuki lolote. Anachojua ni kwamba ameamka amechoka kuliko alivyolala. Madaktari huhesabu ni mara ngapi pumzi imekatika au kupungua katika kila saa ya usingizi. Chini ya 5 ni kawaida. 5 hadi 15 ni hali nyepesi, 15 hadi 30 ni ya wastani, na kuanzia 30 ni hali kali. Baba alipopimwa alipata 41.

Sasa ichukue hiyo 41 uiweke nyuma ya usukani. Baba ni dereva wa trela. Anatoa makontena bandarini Mombasa na kuyafikisha Malaba, safari ya kilomita 900 hivi. Daktari hakuzunguka mbuyu: hakuna kushika usukani mpaka usingizi utengemae. Nyumba yetu ya Mariakani inategemea usukani huo, na mdogo wangu bado yuko shule ya bweni. Kwa hivyo suala la barakoa halikuwa la starehe. Lilikuwa suala la karo, na la watu wengine walio barabarani saa tisa za usiku.

Tiba yake ni mashine iitwayo CPAP. Ni feni ndogo ndani ya kisanduku, inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma kupitia mpira mpaka kwenye barakoa, kwa shinikizo la kati ya sentimita 4 na 20 za maji. Si oksijeni. Ni hewa ile ile unayoivuta wewe sasa hivi, ila inasukumwa kwa nguvu kidogo ili koo lisijifunge. Shangazi yangu aliye Marekani alituletea mashine, daktari akapanga shinikizo, na barakoa ya puani ikawemo ndani ya mkoba, mpya kabisa, saizi ya kati.

Mashine haichagui mtu, lakini barakoa huchagua uso. Pua ya baba ni pana, na daraja lake liko chini. Barakoa ile ilikaa vizuri kwenye mdomo wa juu, ikaacha mwanya pale juu karibu na macho. Asubuhi ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, huku ni kulala na dirisha la trela wazi." Saizi pana ilibidi iagizwe, na tuliambiwa tungoje majuma kadhaa. Nikaomba ruhusa kazini nifanyie kazi zangu nyumbani, nikapanda basi kwenda Mariakani.

Kabla ya kugusa chochote, nilitaka nambari. Mashine nyingi za aina hii huandika kila kitu kwenye kadi ya SD. Ukiichomoa, sukuma kwanza kile kijifungo cha ubavuni ili tarakilishi yako isiandike chochote juu yake, kisha uisome. Programu ya kuisomea inaitwa OSCAR. Ni programu huria, bure, na ilizaliwa mwaka 2019 kutoka kwa msimbo wa programu nyingine, SleepyHead, ambayo mwandishi wake Mark Watkins aliacha kuiendeleza mwanzoni mwa mwaka huo huo. Watu waliokuwa wakiitegemea hawakukaa kulia. Walichukua msimbo na kuendelea nao. Mtu akikuuliza programu huria ina faida gani, mpe mfano huu.

Kwa wenzangu wanaopenda kufungua mafaili: mashine za ResMed, kama hii ya baba, huhifadhi data katika muundo wa EDF uliotangazwa mwaka 1992. Kuna kichwa cha baiti 256 ambacho unaweza kukisoma kwa macho, halafu baiti 256 nyingine kwa kila ishara, halafu nambari tupu za biti 16. Niliandika skripti fupi ya Python ya kuchota uvujaji wa hewa wa kila usiku. Angalizo moja: uvujaji umeandikwa kwa lita kwa sekunde, kwa hivyo zidisha kwa 60 upate lita kwa dakika. Mpaka ambao mashine hizi huutumia ni lita 24 kwa dakika. Ukiuvuka muda mrefu, mashine haiwezi tena kushikilia shinikizo wala kuhesabu pumzi vizuri. Usiku wa kwanza baba alikuwa kwenye 46, na pumzi zilizokatika zilikuwa 17 kwa saa.

Tukakubaliana sheria moja: badiliko moja tu kwa usiku mmoja. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja na hali ikawa nzuri, hujui umshukuru nani.

Badiliko la kwanza halikugharimu hata shilingi. Baba alikuwa akifunga mikanda akiwa amekaa kitandani, mashine imezimwa. Uso ukilala chali hubadilika, mashavu yanashuka kando. Tukawa tunafunga akiwa amelala, hewa ikiwa imewashwa. Pia tulilegeza badala ya kukaza. Mdomo wa silikoni wa barakoa una kuta mbili, na ule wa nje hujazwa na hewa yenyewe ukajibandika kwenye ngozi. Ukiukaza sana unaulaza chini na hauzibi kitu. Usiku huo tulishuka hadi 38.

La pili lilikuwa mafuta. Mzee hawezi kulala bila kujipaka mafuta ya mgando usoni, ni desturi yake tangu utotoni. Mafuta hufanya silikoni iteleze, na kwa muda mrefu huiharibu. Mama akachukua jukumu hilo: sabuni, maji, kitambaa kikavu, kila usiku. Mafuta yakahamia asubuhi. Na silikoni yenyewe ikawa inaoshwa kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. 33.

La tatu lilikuwa mpira wa hewa. Kila akigeuka, mpira unavuta barakoa upande mmoja. Juu ya kitanda chao kuna kile kiduara cha waya kinachoshikilia chandarua. Tulifunga utepe wa kitambaa pale, mpira ukapita juu ukining'inia, na kulegea kwa kutosha ageuke kulia na kushoto. Hili ndilo lililonishangaza: 25, kwa kipande cha utepe.

La nne lilimhitaji fundi. Mikanda ya kichwani ilikuwa mirefu, na velkro ilikuwa inafika mwisho kabla haijashika. Nilimpelekea fundi wa cherehani sokoni. Hakuuliza maswali mengi. Alikunja mkanda wa nyuma sentimita mbili, akaushona kwa uzi ambao unaweza kufumuliwa, halafu akaongeza kitambaa laini cha pamba pale unapopita shavuni. Nilimwomba asikate kitu, kwa sababu kilichokunjwa kinarudi, kilichokatwa hakirudi. 19.

La tano lilikuwa joto. Mariakani usiku ni jasho, na jasho linatelezesha silikoni kama mafuta. Tulikata fulana kuukuu ya pamba kwa umbo la mdomo wa barakoa, na tundu katikati, ikakaa kati ya silikoni na ngozi. Inafuliwa kila asubuhi. Alama nyekundu za shavuni zilipotea, na tukafika 14. Kipande cha sponji tulichojaribu kwenye daraja la pua hakikufaa: kilipandisha uvujaji hadi 29 na kuanza kumenyeka. Tukakitupa siku hiyo hiyo, maana hakuna anayetaka kuvuta punje za sponji mapafuni usiku kucha.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Barakoa yoyote ya CPAP ina vitundu vidogo ambavyo hewa inatoka kwa makusudi. Hivyo si uvujaji. Ndivyo vinavyotoa hewa uliyokwisha kuitumia. Ukiviziba kwa utepe au kitambaa, unamfanya mgonjwa avute hewa chafu yake mwenyewe. Barakoa za pua na mdomo pamoja zina pia vali ya kumruhusu mtu apumue stima ikipotea. Usiiguse. Usitumie gundi. Usiongeze sumaku, hasa kwa mtu mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini. Na shinikizo la mashine ni la daktari, si lako. Sisi tuligusa mikanda, vitambaa na mahali mpira unapopita, basi.

Wengine watasema haya ni mambo ya jua kali tu. Sawa, lakini tiba hii yenyewe ilianza hivyo hivyo. Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, walimjaribu mgonjwa wa kwanza mwaka 1980 na kuandika habari zake katika jarida la Lancet mwaka 1981. Mashine za mwanzo zilitumia mota za kufyonzea vumbi, na barakoa zilifinyangwa mojamoja kutokana na uso wa mgonjwa, kisha zikagandishwa usoni kwa silikoni kila usiku. Barakoa za kiwandani za saizi tatu zilikuja baadaye. Wao walianza na uso wa mtu mmoja, sisi tulirudi kwenye uso wa mtu mmoja.

Tulipofika 14, pumzi zilizokatika zilikuwa 4 kwa saa. Baba alilala saa saba mfululizo, na Mama akasema aliamka mara mbili kumsikiliza kama yu hai, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Tulichapisha grafu za mwezi mzima tukampelekea daktari. Kibali cha kurudi barabarani kilitoka kwake, si kwenye skripti yangu. Barakoa ya saizi pana ilifika wakati huo, ikatupa 8. Lakini mkanda wa fundi na utepe wa chandarua tumevibakisha.

Siku ya kuondoka Mzee alinipigia simu akiwa yadi. Hakuniuliza habari za grafu. Alisema, "Na ndani ya kabini je, nitautundika wapi huo mpira?" Halafu akauliza kama betri ya trela ya volti 24 inaweza kuendesha mashine usiku kucha na asubuhi injini ikawaka. Hesabu zake nimeanza kuzifanya, nitawaletea makala ijayo. Aliye na mzazi anayekoroma kisha ananyamaza ghafla, asingoje makala. Ampeleke akapimwe.