Usiyauze Mayai Yote

Iringa

Mwanangu Festo,

Nimefika salama. Kuna jambo sikutaka kulisema mbele ya wageni wako.

Nilipompakata mwanao Neema nilimwona mwepesi, nikaomba kadi ya kliniki. Hadi miezi 6 mstari wa uzito unapanda vizuri, kwa kuwa mama yake alimnyonyesha tu, bila maji wala uji. Hongereni. Sasa ana miezi 9 na mstari umelala. Tatizo lilianza chakula kilipoingia.

Usiniambie habari ya njaa. Ghala lina mahindi, kuku wanataga. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na Njombe kwenu ni kama nusu. Sisi tunaolisha Dar es Salaam! Chakula kinampita mtoto mlangoni kikienda stendi. Asubuhi moja nikiwa kwenu ulifunga trei za mayai kwenye pikipiki, huku Neema akinyweshwa uji wa sembe ambao ungemiminika hata kwenye chupa ya soda.

Tumbo lake ni dogo, linajaa maji kabla hajashiba. Uji wake ubaki kwenye kijiko hata ukikiinamisha. Ukiwa mzito akaukataa, tumieni kimea, kama tulivyofundishwa wakati wa mpango wa lishe wa Iringa miaka ya 1980. Ulezi unalowekwa usiku, unafunikwa mpaka uchipue, unaanikwa, unasagwa. Kijiko kimoja kwenye uji uliopoa kidogo, nao unalainika bila kuongezewa maji. Kisha urudisheni motoni uchemke.

Ule unga wa dukani wenye nafaka saba na karanga uacheni. Karanga zilizotunzwa vibaya zinaweza kuwa na sumukuvu, na ikishasagwa humo huwezi kuijua. Chagueni zenu, zenye ukungu na zilizosinyaa mtupe, msage kidogo kidogo. Dagaa wa Nyasa nao wasagwe, watiwe kwenye mboga yake.

Haya usimwachie mama Neema peke yake. Anaondoka alfajiri na jembe, mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane, ambaye mchana anamlisha akikumbuka. Neema anatakiwa ale mara tatu, na kitu kidogo katikati, huku akiendelea kunyonya. Wewe ndiye mwenye pikipiki, mchana rudi umlishe. Na kila wiki, kabla hujafunga trei, toa mayai saba ya Neema.

Mama mkwe wako atasema mtoto anayekula mayai huchelewa kuongea. Msalimie sana, umwambie wewe nilikulisha mayai mimi, na tangu hapo hujanyamaza.

Kliniki ya mwezi ujao nenda mwenyewe. Nesi akishaandika uzito, nipigie kabla hamjaondoka pale.

Shangazi yako