Tanuri Lisilo na Mlinzi

Katika Minecraft, tanuri hutengenezwa kwa mawe manane. Unayapanga kuzunguka nafasi moja ya katikati iliyoachwa wazi, na papo hapo unalo tanuri. Juu unaweka kitu kibichi, chini unaweka cha kuchomea. Nyama, samaki, kiazi, mchanga, chuma ghafi: kila kimoja huchukua sekunde 10. Kipande kimoja cha mkaa huivisha vitu 8, kisha hutoweka. Hakuna majivu ya kuzoa.

Mchezo wenyewe wengi mnaujua. Markus Persson wa Sweden aliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, na mwaka 2014 Microsoft wakainunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Ni dunia ya matofali: ardhi matofali, miti matofali, hata ng'ombe ana umbo la tofali. Usiku mazombi hutoka, njaa hukupunguzia nguvu, na ukitaka kuishi sharti uwe na moto. Kiazi kibichi hukuongezea pointi 1 tu ya shibe, kikiokwa hukupa 5. Nyama ya ng'ombe ikiwa mbichi hukupa 3, ikiiva 8. Ukila kuku mbichi, unaweza kupata madhara yanayoharakisha njaa. Waliobuni mchezo huu walilielewa vizuri jambo moja la zamani: binadamu ni kiumbe anayepika.

Mimi niliujulia chuoni, Dar es Salaam. Lakini aliyenifanya niufikirie moto wake ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, kule Masuguru.

Masuguru yetu si ile ya Mtwara, karibu na Mto Ruvuma. Ni ya Tanga, upande wa Handeni na Korogwe, nchi ya Wazigua. Kwetu ukisema "tanuri" hakuna anayefikiria mkate. Tanuri ni la mkaa.

Nilikuwa nimekwenda likizo, nikampa simu yangu acheze. Siku ya kwanza tu aligundua kwamba gogo likiwekwa ndani ya tanuri linatoka mkaa, na akafurahi kukutana na kitu anachokijua. Akapanga magogo yake, akawasha. Nikamwambia sasa twende pangoni tukachimbe chuma. Hakusogea.

"Kaka, sasa nani analilinda?"

Nikamwambia halilindwi.

"Likipasuka?"

"Halipasuki."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuna ng'ombe wanaojichunga.

Ili uelewe swali lake, lazima uelewe kazi ya baba yake. Baba mdogo hukata magogo, akayalaza na kuyapanga, manene katikati na membamba pembeni, mianya akaiziba kwa vijiti. Juu hutandika majani mabichi, kisha hufukia lote kwa udongo hadi lionekane kama kaburi la mtu mrefu sana. Upande mmoja huacha mdomo wa kuwashia, upande mwingine vitundu vya kupumulia. Akishawasha, kazi ya shoka imekwisha na kazi ya macho imeanza.

Mkaa hutokana na moto ulionyimwa hewa. Ukiupa hewa ya kutosha, unakula kuni zote na kukuachia majivu. Ukiunyima kabisa, unazimika. Mchoma mkaa anaishi katikati ya hayo mawili. Siku za mwanzo moshi hutoka mweupe na mzito, kwa kuwa maji ya mti yanatoka. Baadaye hupungua, ukawa mwembamba wenye rangi ya samawati, na hapo anajua sehemu hiyo imeiva, anaziba kitundu hiki na kufungua kingine. Magogo yakiungua ndani, udongo wa juu hubonyea. Ukibonyea usiku na ufa ukafunguka, kazi ya wiki mbili za shoka huwa majivu kabla ya jogoo kuwika. Kwa hiyo hujengwa kibanda pembeni, na mtu hulala nusu usingizi, koleo mkononi. Tanuri dogo huchukua siku chache. Kubwa laweza kupita wiki mbili. Kinachotisha zaidi ni kupanda juu yake kuziba ufa, kwa sababu chini ya mguu wako huenda pamebaki ganda la udongo tu na makaa. Baba mdogo ana kovu linaloanzia kwenye kifundo cha mguu hadi karibu na goti.

Usiku hulinda yeye. Mchana hulinda mama mdogo. Jioni, wakitoka shule, hulinda watoto. Mdogo wangu amelinda tangu akiwa darasa la nne. Ndiyo maana hakutaka kwenda pangoni.

Jibu nililompa halikuwa kamili, nikamweleza vizuri zaidi kesho yake. Simu haina nguvu ya kuendesha dunia nzima kwa wakati mmoja, hivyo mchezo huendesha sehemu iliyo karibu na mchezaji tu. Ukienda mbali vya kutosha, kila kitu nyuma yako husimama. Ngano haikui, ng'ombe hawatembei, na nyama iliyobakiza sekunde 3 iive hubaki na sekunde hizo 3 mpaka urudi.

Alifikiri kidogo. "Kumbe linakusubiri," akasema.

Bibi alikuwa hapo barazani akichambua mboga, akataka kujua watu wa kwenye simu wanakula nini. Nikamwambia nyama choma, samaki, viazi, na mkate. Akauliza mkate unapikwaje. Nikamwambia unachukua ngano tatu, unazipanga mstari mmoja, unakuwa mkate. Hazisagwi, hazikandwi, wala hazioni moto. Bibi, ambaye maisha yake yote amesonga bada, ugali wetu wa muhogo, kwenye moshi wa mafiga matatu, alicheka hadi akashika mbavu. "Basi hao wanadonoa," alisema, "kama kuku."

Hesabu ya mkaa wa Minecraft ni tamu. Gogo moja hutoa kipande kimoja cha mkaa, na kipande hicho kinachoma magogo 8 mengine, yanayotoa vipande 8. Umetumia kimoja, umebaki na faida ya 7. Mti ukikatwa, unapanda mche, na baada ya dakika kadhaa umesimama tena. Mdogo wangu alijaza sanduku zima mkaa kwa siku mbili, akasema baba akiona hivi atalia.

Tanuri la udongo la kwetu lina hesabu nyingine. Kilo 10 za kuni mara nyingi hutoa kilo 1 hadi 2 za mkaa. Kilichobaki kimepanda hewani kama moshi, na mti uliokatwa utangojewa na watoto wa aliyeukata. Kisha gunia linafika barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, linapakiwa, linakwenda mjini. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia takriban tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake ikiishia Dar es Salaam.

Nami nilikuwa sehemu ya mzigo huo. Baba alipofariki, baba mdogo ndiye aliyenisomesha, na nyumbani gharama zangu hazikutajwa kwa shilingi. Godoro la bweni lilikuwa magunia mawili. Sare na viatu, gunia moja na nusu. Nilipopata nafasi chuoni, mama mdogo alisema, "Hiyo ni tanuri zima." Miaka ile ya chuo nilikuwa mchezaji aliyekwenda mbali. Ila nyuma yangu hakuna kilichosimama. Kila usiku niliolala Dar, kuna mtu alikuwa macho Masuguru kwa ajili ya godoro nililolalia.

Jambo jingine la tanuri la Minecraft ni kwamba halibagui. Linalookea kuku ndilo linaloyeyushia chuma. Kwa mtoto wa mjini hilo ni kichekesho, lakini mkaa wenyewe haujali unachochomea, na katika nchi yetu kazi hizo mbili zilikula misitu ileile kwa karne nyingi. Toka Korogwe kwa barabara ya kaskazini, utapita chini ya Milima ya Upare, ambako wahunzi walifua majembe na silaha zilizouzwa hadi kwa majirani zao. Kagera nako, mwaka 1976, mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma wafanye tena kazi waliyokuwa wameiacha kwa miongo mingi. Walichimba shimo, wakalitia matete yaliyochomwa, wakajenga tanuri juu yake, wakaingiza mirija ya udongo na kuweka watu kwenye mivukuto. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika habari hiyo katika jarida la *Science*, na wasomi wa nje wakashangaa jinsi ufundi huo ulivyokuwa wa hali ya juu.

Mimi nilipoisoma sikushangazwa na ufundi. Nilishangaa idadi ya watu. Tanuri la chuma halikuwa la mtu mmoja. Mvukuto ukisimama, joto linashuka, na joto likishuka umepoteza mawe, mkaa na siku yako. Kwa hiyo watu walipokezana, mikono ikichoka mingine inashika. Na mwisho wa yote hutoka chuma kidogo na mavi ya chuma mengi, yale mabonge meusi mazito ambayo leo ndiyo yanayowaambia wanaakiolojia kwamba hapa palikuwa na tanuri. Wahenga walisema moto huzaa jivu. Ule wa Minecraft ni tasa. Hauachi jivu, hauachi mavi ya chuma, hauachi mtu mwenye macho mekundu asubuhi. Baada ya miaka elfu mbili, hakuna atakayejua kwamba mdogo wangu alichoma mkaa ndani ya simu.

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Kabla ya hapo taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilikwishaambiwa ziache kuni na mkaa. Naunga mkono. Nimemsikia mama mdogo akikohoa. Nimeona vichaka palipokuwa na miyombo tuliyochezea. Mimi mwenyewe napika kwa gesi: nageuza kitufe, moto unakuja wa buluu, naondoka kwenda kufua, nikirudi maharage yanachemka. Ni tanuri la Minecraft kabisa.

Lakini nikisikiliza mijadala ya nishati safi, mchoma mkaa hutajwa katika sura moja tu, ya mharibifu wa mazingira. Sijasikia akitajwa kama fundi anayesoma rangi ya moshi gizani kwa mwanga wa tochi. Nikamweleza baba mdogo habari za mwaka 2034. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni mtu wa adabu, kisha akasema, "Mkaa ukiisha, sawa. Mimi ninachojua ni kukaa macho. Hiyo kazi wanayo?"

Nikamtajia ufugaji wa nyuki, kwa kuwa miyombo iliyosimama ina maua na Handeni asali si jambo geni. Hakukataa. Aliuliza maswali matatu: mzinga unagharimu kiasi gani, asali ya kwanza itatoka baada ya muda gani, na nani atanunua. Nikaanza na la kwanza. Alipiga hesabu kwa vidole, akasema mizinga kumi ni matanuri mawili. Yaani hata kuuacha mkaa, kwanza uchome mkaa.

Mdogo wangu anaingia kidato cha tatu. Anataka chuo cha misitu, kile cha Olmotonyi, Arusha. Anasema anataka kujua kwa nini mti wa kwenye simu unaota kwa dakika na wa kwao hauoti. Nadhani anatania, ila mtoto huyu hutania huku akipima. Godoro lake limeshanunuliwa. Tanuri lililolilipia liliwashwa wiki ya Krismasi, likachukua siku kumi na moja, nami nilikuwepo nyumbani kwa nne kati ya hizo.

Nililinda pamoja na baba mdogo. Alinifundisha kwamba moshi peke yake hautoshi, kwa sababu usiku wa giza hauonekani vizuri na upepo huudanganya. Ukae upande ambao upepo unatokea, ufumbe macho, usikilize. Tanuri linalokwenda sawa hulia taratibu kama sufuria ya wali iliyofunikwa. Likianza kulia kama mtu anayepuliza chai, hewa imeingia.

Usiku wa tatu, saa tisa kasoro, lilianza kupuliza chai upande wa kusini. Tulikuwa macho wote wawili. Yeye alipanda na koleo, mimi nikamshikia tochi.