Kitabu cha Karachuonyo

Zamani ugomvi wa ukoo kwetu Gwassi, magharibi mwa Kenya, ulikuwa na hakimu wa karatasi. Ndugu wakibishania nani aanze kujenga simba yake, yaani nyumba ya kijana, baba mdogo aliingia ndani akatoka na sanduku la bati la stakabadhi za kodi. Juu ya stakabadhi kulikuwa na kitabu kilichopoteza jalada, kikavikwa karatasi ya kahawia ya mfuko wa sukari: Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila za Wajaluo cha Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, kilichotoka mwaka 1938. Baba mdogo alifuta miwani kwa pindo la shati, akalamba kidole, akafunua. “Kitabu kinasema,” alianza, na wazee wakanyamaza.

Nyanya ndiye hakunyamaza. “Huyo wa Karachuonyo alioa kwetu lini?” aliuliza kwa Kisuba, lugha yetu ya asili, kisha akarudia kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, ili limguse kila mtu. Sisi wajukuu tulicheka mara ya kwanza, kwa ile lafudhi; ya pili hatukucheka.

Nyanya alikuwa na hoja. Watu wa Mfangano, Rusinga, Gwassi na Kaksingri wengi asili yao ni Wabantu waliovuka Ziwa Victoria kutoka upande wa Uganda, karne kadhaa zilizopita, wakikimbia misukosuko ya kwao. Waliishi jirani na Wajaluo, wakaoana nao, wakauziana samaki na mtama. Kilichomaliza kazi ya kutugeuza Wajaluo ni shule na kanisa. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na haikuchukua muda wakawa na mtambo wa kuchapa maandishi ya Dholuo. Kisuba hakikuwa na mtambo. Darasa la kwanza tulifundishwa somo lililoitwa lugha ya mama, ingawa mama aliyekusudiwa alikuwa wa jirani. Sikumbuki mtu akitulazimisha. Tulihama wenyewe, tena kwa furaha, maana Dholuo ndiyo iliyokuwa na vitabu.

Katika miaka ya 1990 serikali ikaikata wilaya ya Suba kutoka Homa Bay, na ghafla Usuba ukawa na bei. Wanaume waliokuwa wakiigiza lafudhi ya bibi zao ili kuchekesha watu matangani walianza kutafuta vikongwe wawafundishe salamu. Nyanya alikuwa ameshazikwa, kwa mahubiri ya Dholuo. Leo wilaya haipo. Jina limebaki kwenye maeneo bunge ya Suba Kaskazini na Suba Kusini, na kule Mfangano kuna redio inayojitahidi kutangaza kwa Kisuba. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza serikali izilinde lugha za wenyeji. Kimeandikwa vizuri sana.

Nilidhani mkasa umeishia hapo, mdogo kamezwa na mkubwa. Sasa naona mkubwa naye koo linamkauka. Homa Bay mjini nasikia akina mama wakiwaita watoto kwa Kiswahili na kuwakemea kwa Kiingereza. Wajukuu wangu Dholuo wanaielewa, ila hujibu kwa Kiswahili, ndiyo maana haya nayaandika kwa lugha hii. Juzi Migori niliulizia Miaha, riwaya ya Grace Ogot ya mwaka 1983. Duka lilikuwa na vitabu vya mtaala, kalkuleta na Biblia. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akanipa The River and the Source cha Margaret Ogola. Ni riwaya nzuri mno ya ukoo wa Kijaluo, kwa Kiingereza.

Si sisi peke yetu tunaothamini kitu kikishapotea. Argentina walimdharau gaucho, mchunga ng'ombe wa nyika zao, wakamtia jeshini kwa nguvu. José Hernández aliandika shairi refu la kumtetea, Martín Fierro, mwaka 1872. Nyika zilipokwisha kuzungushiwa seng'enge na gaucho mwenyewe kutoweka, ndipo wasomi wa Buenos Aires wakalitangaza kuwa utenzi wa taifa.

Kwetu Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nyingine zikimpita mtu mrefu mara mbili, na zimesimama tangu karne ya 16 hivi. Nilipopeleka wageni huko tulikuta wanafunzi wamemzunguka mwelekezi, wanataka kujua kabila lililojenga. Akawaeleza kwa subira kwamba makundi yalipokezana, Wabantu na Waniloti, kila wanaokuja wakitengeneza ukuta waliouachiwa. Mwalimu wao, aliyekuwa akitazama mawingu, akawaambia waandike Wajaluo, mtihani unataka jibu moja. Nilifungua mdomo nimbishie, nikakumbuka kwamba jina langu mwenyewe linaanza na O ya Kijaluo.