Herufi H kwenye majibu ya dada

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Najua wengine mnapita hapa kutafuta habari za bunge na za jiji letu la Dar, lakini kuna jambo limenikaa kichwani wiki tatu sasa, bora nilitoe. Ni habari ya damu. Siyo yangu, ni ya dada yangu, ambaye kaniruhusu niandike mradi nisimtaje jina.

Dada ana ujauzito wa miezi saba, wa kwanza. Mwezi uliopita alijisikia mchovu, akaenda zahanati moja ya binafsi jirani na kwake. Wakamtoa damu kwa kile kipimo ambacho kila mtu anakiita FBP. Karatasi ikatoka na mistari mingi. Chembe nyeupe za damu: 13.4. Pembeni ya namba imechapwa herufi H, yaani ziko juu. Mbele yake kikaandikwa kiwango cha kawaida: 4 hadi 11. Aliyempa majibu akamwambia, "Mama, una maambukizi kwenye damu," akamwandikia antibaiotiki za siku saba. Hakumuuliza hata kama ana homa.

Usiku ule nikapokea picha ya karatasi kwenye WhatsApp, na chini yake: "Mdogo wangu, nimesoma mtandaoni wanasema chembe nyeupe zikizidi ni kansa ya damu. Huyu mtoto nitamwona kweli?"

Jamani, hebu fikiria kupata ujumbe kama huo saa tano usiku. Shemeji naye alikuwa na lake: dawa zimeshanunuliwa, zinywewe, dawa si dawa tu? Mama mkwe akasema ni damu chafu, kuna mizizi ya kuisafisha. Kila mtu alikuwa na tiba, hakuna aliyekuwa na swali.

Mimi nimesomea uandishi wa habari, siyo udaktari. Lakini kazi yangu inanifundisha kumtafuta anayejua. Nikampigia rafiki yangu wa tangu chuo ambaye sasa ni daktari, nikamsomea namba. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Hiyo 4 hadi 11 ni ya nani?"

Wasomaji wangu, hapo ndipo penye habari. Kile kiwango kilichochapwa ni cha mtu mzima asiye na mimba. Mashine haijui kwamba damu iliyowekewa ni ya mjamzito. Ikiona namba imevuka 11 inachapa H, basi, kazi yake imeisha.

Mwili wa mjamzito una hesabu zake. Tangu miezi ya mwanzo, uboho wa mifupa unaanza kutoa chembe nyeupe nyingi zaidi, hasa zile ziitwazo neutrofili, ambazo ndizo askari wa mstari wa mbele. Homoni na mzigo wa kubeba mimba ndivyo vinavyousukuma. Kufika miezi ya mwisho, mama mzima wa afya anaweza kuwa na 12, 14, hata 16. Uchungu ukianza namba inaweza kuruka hadi 20 na zaidi, wakati mwingine ikakaribia 30, bila ugonjwa wowote. Baada ya kujifungua inashuka yenyewe, na ndani ya wiki sita hivi inakuwa imerudi ilikokuwa.

Cha kushangaza, jambo hili tunalikubali kwenye wingi wa damu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwanamke asiye na mimba ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 12. Mjamzito, chini ya 11, na katikati ya mimba 10.5. Kila muuguzi wa kliniki anajua mjamzito ana kipimo chake. Sasa kwa nini kwenye chembe nyeupe tunamhukumu kwa kipimo cha mtu mwingine?

Kesho yake dada alikwenda hospitali anakohudhuria kliniki. Daktari aliiweka karatasi pembeni kwanza, akamtazama mgonjwa. Una homa? Unasikia maumivu ukikojoa? Ubavu unauma? Kuna maji au uchafu wenye harufu unaotoka? Mtoto anacheza? Kisha akampima mkojo na malaria. Vyote safi. Antibaiotiki akamwambia aziache. Wiki mbili baadaye wakarudia kipimo: 13.9. Imepanda, na hakuna aliyeshtuka.

Sasa tusielewane vibaya. Sisemi kila H ya mjamzito ipuuzwe. Mjamzito anaweza kuwa na vijidudu kwenye mkojo bila kusikia chochote, na wasipotibiwa wanaweza kupanda hadi kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Chupa ikipasuka mapema, maambukizi yanaweza kuingia. Homa kwa mjamzito ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Na malaria kwa kawaida haipandishi chembe nyeupe, kwa hiyo hata namba "nzuri" haimtoi mtu kwenye hatari. Malaria ina kipimo chake. Kansa ya damu nayo ipo, ila kwa wajawazito ni nadra sana, na daktari haitambui kwa namba moja: anaangalia umbo la chembe zenyewe, na kama nyekundu na zile za kugandisha damu zimeporomoka.

Ninachosema ni kwamba namba peke yake haijibu. Lazima mama mwenyewe aulizwe. Na dawa si dawa tu, shemeji. Zipo antibaiotiki wanazopewa wajawazito kila siku bila tatizo, na zipo kama tetrasaiklini ambazo zinaharibu meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Halafu kila dozi isiyo na sababu inawafundisha vijidudu usugu, siku ya kuihitaji kweli ikija inagoma.

Wanaume wenzangu, hili linatuhusu. Tunalipia vipimo, tunanunua dawa, lakini ni wangapi tunaingia chumba cha daktari na kuuliza, "Kiwango hiki ni cha mjamzito?" Swali lenyewe halina gharama. Dada alikesha usiku mzima akijiona anakufa kwa sababu hakuna aliyeliuliza zahanati, na sidhani kama ni yeye peke yake mjini hapa.

Kina mama mliopitia haya, na madaktari mnaosoma, tuambieni yenu hapo chini. Tuelimishane. Alamsiki.