Namba Iliyovaa Nguo za Neno

Yapo makosa yapigayo kelele, na yapo yakaayo kimya. La kelele ni rafiki, maana hukuzuia njiani. La kimya ni adui: hukuacha utembee kifua mbele ukidhani kazi imekwisha. Hilo la pili ndilo lililonitia adabu.

Nilikuwa nikitunza kumbukumbu za chama chetu cha kuweka na kukopa. Kila mwisho wa mwezi nilikesha na daftari, nikitafuta wanachama wenye akiba isiyopungua shilingi 500,000, maana hao ndio waliostahili mkopo. Nikaona kazi hiyo niikabidhi kompyuta. Nikajifunza PowerShell, lugha ya skripti iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006, ambayo imejengwa juu ya msingi uitwao .NET. Msingi huo hujua kila kitu ni cha aina gani: hii namba, hili neno, ile tarehe. Mwandishi wa skripti halazimiki kuzitaja aina hizo. Mambo hujiendea yenyewe. Urahisi huo ndio ulioniponza.

Niliandika mistari michache, nikaijaribu kwa wanachama kumi, majibu yakawa sawasawa. Nikajipongeza, nikaibandika orodha ukutani.

Kesho yake asubuhi akaja mama mmoja muuza vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekosa nini mimi?"

Akaninyoshea kitabu chake. Akiba: shilingi 1,200,000. Jina lake halimo ukutani. Lakini kijana mwenye shilingi 60,000 alikuwamo! Nilitaka kumjibu kwamba kompyuta haikosei. Maneno yalifika kooni, nikayameza.

Usiku ule nilikaa na ile skripti. Hapakuwa na onyo lolote, wala maandishi mekundu. Nikalishuku faili, nikalifungua, akiba ya mama ikawamo kama ilivyo kitabuni. Nikalishuku sharti langu. Nalo lilikuwa sahihi. Ndipo nikapunguza mambo: mwanachama mmoja, mstari mmoja. Nikauliza kwa amri ya GetType, hii akiba ni kitu cha aina gani? Jibu likaja: String. Yaani maandishi, si namba.

Hapo nikaelewa. Amri ya Import-Csv husoma kila kilichomo katika faili kama maandishi. Na PowerShell ilinganishapo vitu viwili, hufuata aina ya kile kilicho kushoto. Kushoto palikuwa na maandishi, basi na 500000 yangu ikageuzwa maandishi. Maandishi nayo hupangwa kama kamusi ipangavyo maneno, kwa kuanza na herufi ya kwanza. Moja hutangulia tano. Kwa hiyo milioni moja na laki mbili ikahesabiwa ndogo kuliko laki tano. Sita huja baada ya tano. Kwa hiyo elfu sitini ikashinda.

Mbona majaribio yalifaulu? Wale kumi wote akiba zao zilikuwa na tarakimu sita. Urefu ukiwa sawa, kamusi na hesabu hukubaliana. Nilikuwa nimeipima njia mahali pasipo na shimo.

Dawa yake ilikuwa neno moja: kutanguliza [decimal] mbele ya akiba, ili kompyuta ijue kwamba hii ni namba. Orodha ikageuka. Waliofungiwa nje wakaingia, na walioingia bila haki wakatoka. Kijana alininunia mwezi mzima. Mama alipata mkopo wake, wala hakuniuliza kosa lilikuwa nini. Mimi ndiye niliyemweleza, nikamwomba radhi.

"Sasa mwanangu," alisema, "nisingekuja je?"

Swali hilo sijapata kulijibu. Chama kina watu wasiojua kusoma orodha, na wengine wanaojua lakini wanaona haya kuuliza. Hao wangerudi nyumbani wakiamini kwamba hawakustahili, kwa sababu karatasi imesema.

Tangu siku hiyo, jibu likija upesi na bila kelele, ndipo ninapokaa chini nikauliza: hiki ninachokipima, je, ni kitu gani hasa? Kisha hutafuta kitabu cha mwanachama mmoja, nikakihesabu kwa mkono.